Binti Mfalme kwenye Begi la Shule: Mwongozo kwa Walezi wa Kisiwani

Siku ya gulio, muuza mabegi haulizi mengi. Mama akisema begi ni la mtoto wa kike, linashushwa la waridi lenye binti mwenye nywele za dhahabu, kiuno cha nyigu na taji kichwani. Akisema ni la wa kiume, linashushwa la bluu lenye gari la mashindano au jitu la misuli linalorusha ngumi. Bei ni ile ile, zipu ni ile ile, na yote mawili yatakatika mikanda kabla ya muhula wa pili. Lakini mtoto wa darasa la awali atakayelibeba kila asubuhi atakuwa ameshaambiwa jambo kuhusu nafsi yake kabla hajaijua herufi hata moja: wewe ni wa kutazamwa, na mwenzako ni wa kwenda na kutenda.

Makala haya ni ya wazazi, walezi na walimu wa Kisiwani na vijiji vinavyofuatana chini ya milima ya Upare, kutoka Same hadi Maore, Ndungu na Kihurio. Wapo wanaodhani habari za mabinti wa kifalme ni za watoto wa Masaki na Oysterbay. Wazitazame kamba za nguo za hapa. Fulana ya mtumba yenye sura ya Elsa wa filamu ya Frozen imeanikwa pembeni ya kanga ya bibi. Gauni la Krismasi au la Idi limeshonwa kwa wavu mgumu uliofura kama la Cinderella. Kwenye mahafali ya chekechea watoto wa kike wanavishwa taji la plastiki na kupakwa rangi ya mdomo, wa kiume wanafungwa tai. Simu ya mjomba aliyekuja likizo ina katuni alizorushiwa kwenye memori kadi. Jioni, penye king'amuzi, nyumba tatu nne hukusanyika kuangalia tamthilia ya Kituruki au ya Kihindi iliyotiwa sauti za Kiswahili, ambamo binti anapendwa, analia, anagombaniwa, kisha anaolewa. Watoto wako mbele kabisa, wamekaa sakafuni, na hakuna anayewauliza wameelewa nini.

Binti huyu katokea wapi

Filamu ya kwanza ndefu ya katuni ya kampuni ya Disney, Snow White, ilitoka mwaka 1937. Cinderella ikaja mwaka 1950, Sleeping Beauty mwaka 1959, The Little Mermaid mwaka 1989. Kwa miaka mingi kila filamu ilisimama kivyake. Karibu na mwaka 2000 ofisa mmoja wa kampuni hiyo, Andy Mooney, alikwenda kwenye onyesho la watoto mjini Phoenix, Marekani, akakuta wasichana wadogo wamevaa magauni ya kifalme waliyoshonewa nyumbani, maana dukani hayakuwepo. Akaliona soko. Mabinti wote wakawekwa chini ya nembo moja, Disney Princess, na baada ya miaka michache nembo hiyo ilikuwa kwenye bidhaa zaidi ya 25,000: magauni, vikombe, mashuka, miswaki, madaftari, wanasesere. Mabegi mengi ya gulioni ni nakala zilizotengenezwa bila kibali cha mwenye nembo, ila sura ni ile ile.

Nalitaja hili kwa sababu nimewasikia wazazi wengi wakisema mtoto wa kike kazaliwa anapenda waridi na taji. Watu wenye hesabu zao walikaa wakapanga apende. Mzazi akilijua hilo ataacha kuona aibu kumwambia mtoto, "Hapana, leo tunachukua lile la kijani."

Wataalamu wawili wa lugha wa Marekani, Carmen Fought na Karen Eisenhauer, waliketi wakahesabu maneno katika filamu hizi. Katika The Little Mermaid, hadithi ya binti anayetoa sauti yake ili apate miguu na mchumba, wahusika wa kiume wanasema asilimia 68 ya maneno yote. Katika Mulan ya mwaka 1998, ambayo shujaa wake ni msichana aliyekwenda vitani badala ya baba yake, wanaume wanasema asilimia 77. Wakahesabu na sifa pia. Katika filamu za mwanzo, asilimia 55 ya sifa wanazopewa wahusika wa kike zilihusu sura, na asilimia 11 tu zilihusu ujuzi au matendo. Filamu za karibuni zimegeuka, sifa za ujuzi sasa zinazizidi za sura, na si haki kuzihukumu zote kwa kosa la zile za zamani.

Hata hivyo, kwetu kuna tatizo ambalo watafiti wale hawakuwa na sababu ya kulifikiria. Mtoto wa Kisiwani akipewa simu yenye Frozen au Moana kwa Kiingereza, maneno yanampita. Ushujaa wa Moana baharini uko kwenye picha, huo ataupata. Lakini mazungumzo ya ndugu wawili, majuto, ubishi, sababu za mtu kukataa kuolewa na aliyekutana naye siku moja, hayo yote yanapotea. Kinachobaki machoni ni gauni, nywele, weupe wa ngozi na busu. Filamu inaweza kuwa imeandikwa kwa nia njema kabisa na bado ikamfikia mtoto wetu ikiwa imenyofolewa nia hiyo.

Watafiti wameona nini

Mtoto huanza kujitambua kuwa ni wa kike au wa kiume akiwa na miaka miwili hadi mitatu. Baada ya hapo hugeuka mpelelezi: nani anavaa nini, nani anashika jembe, nani anaendesha pikipiki, nani anatengewa kiti. Anayoyaona mara nyingi huyafanya sheria, na huwa mkali kuisimamia kuliko hata wazazi wake. Ndiyo maana mtoto wa miaka minne atamkemea baba yake akimwona anafagia.

Mwaka 2016 mtafiti Sarah Coyne na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 198 wenye umri wa kama miaka mitano. Waliozama zaidi katika mabinti wa kifalme, kwa filamu na kwa vitu vya kuchezea, mwaka mmoja baadaye walionekana kushika zaidi tabia zinazodhaniwa kuwa za kike tu. Habari hiyo ilisambaa, na wazazi wengi waliingiwa na hofu. Lakini watafiti hao hao hawakuishia hapo. Waliwafuatilia watoto hadi wakakaribia kubalehe, na mwaka 2021 wakaeleza kitu ambacho wengi hawakukitegemea: waliowapenda mabinti wa kifalme utotoni, wa kike kwa wa kiume, ndio waliokuja kuwa na mitazamo ya usawa zaidi kati ya wanawake na wanaume.

Kwa hiyo kumnyang'anya mtoto begi lake na kulitupa jalalani ni kumliza bure. Hadithi ya binti mfalme ina mambo ya kumfaa: upole, kusamehe, kuvumilia, ndoto ya kuondoka kwenye shida. Hatari inaanza pale inapokuwa ndiyo hadithi pekee anayoijua, na watu wazima wa nyumbani wakaithibitisha kwa vitendo kila siku.

Kuna utafiti mwingine ambao ningependa kila mwalimu wa darasa la kwanza aujue. Ulichapishwa mwaka 2017 na Lin Bian, Sarah-Jane Leslie na Andrei Cimpian, nao pia ulifanyika Marekani. Watoto wa miaka mitano walipoulizwa ni nani mwenye akili nyingi sana, wa kike walitaja wanawake na wa kiume wakataja wanaume, karibu sawa kwa sawa. Walipofika miaka sita na saba, wasichana walikuwa wamepungua kuwataja wa jinsia yao. Katikati ya umri huo mdogo kuna kitu kilikuwa kimeshawaingia. Kisha watafiti wakawaonyesha michezo miwili. Mmoja waliuita wa watoto wenye akili sana, na wasichana wa umri huo wa miaka sita na saba wakavutiwa nao kidogo kuliko wavulana. Mwingine waliuita wa watoto wanaojitahidi sana, na hapo wasichana na wavulana wakautaka sawasawa.

Miaka sita ndio umri wetu wa kuingia darasa la kwanza. Mwalimu anayesimama mbele ya watoto wa Kisiwani na kusema, "Hesabu ni za wenye akili," ameshawapunguza wanafunzi kabla hajaandika swali ubaoni. Aseme, "Hesabu ni za wanaojaribu tena." Sentensi hii haihitaji bajeti wala semina.

Kinachomngoja nyumbani

Hapa ndipo makala nyingi za nje zinapotuacha njiani. Huko zilikoandikwa, wazazi wanaogopa msichana atakua akidhani maisha ni kukaa umepambwa ukisubiri kuhudumiwa. Mtoto wa kike wa Kisiwani hawezi kudhani hivyo hata akitaka. Kumekucha ameshika ufagio wa uwanja. Akitoka shule kuna ndoo, kuni, vyombo vya mchana, na mdogo wake wa kubeba mgongoni. Jua linazama hajafungua daftari. Kaka yake naye hana raha siku zote, kuna mbuzi wa kuchunga na mifereji ya kulinda zamu ya maji ikifika, lakini kazi yake ikiisha imeisha, na baada yake kuna mpira wa makaratasi.

Binti wa kwenye begi hana kazi. Binti aliyelibeba begi ana kazi hadi usiku. Kwa mtazamo wa haraka hawafanani kwa lolote, lakini hadithi zao zinaishia mahali pamoja, kwa sababu wote wawili maisha yao yanaamuliwa na mtu mwingine, na uamuzi wenyewe unaitwa harusi. Huyu anangoja mwana wa mfalme, yule anaambiwa tangu akiwa na miaka saba kwamba anafundishwa kupika "ili asije akatuaibisha kwa watu." Hakuna anayemwambia ajifunze kupika kwa sababu yeye mwenyewe atakula.

Na Cinderella ndiye anayeziunganisha hadithi hizi mbili, ndiyo maana watoto wetu wanampenda kuliko wengine. Wanamjua. Ni mtoto anayefagia, anayepika, anayelala karibu na majivu, anayefokewa na mama wa kambo. Mtoto aliyewahi kukaa kwa ndugu ataiona nafsi yake pale. Na anachofundishwa ni kwamba malipo ya kunyamaza na kufanya kazi ni kuonekana mrembo usiku mmoja mbele ya mtu anayefaa. Cinderella hapelekwi shule, halipwi mshahara, hamshtaki mtu kwa mateso. Kila ninapomwona mtoto wa miaka minane, msichana wa kazi wa kesho, akiitazama filamu hiyo kwa macho yanayong'aa, naumia.

Kaa naye, muulize

Jambo la kwanza la kufanya ni la bure. Mtoto anapoangalia katuni au tamthilia, mtu mzima mmoja akae karibu naye, hata kwa dakika kumi, na atafsiri pale lugha inapokuwa ngeni. Akishatafsiri aulize. Binti huyu alikuwa anataka nini? Nani kaamua aolewe? Asingekuwa mrembo, wangemsaidia? Kama ungekuwa wewe, ungefanya nini? Usitoe hotuba. Mtoto akihubiriwa kwamba anachokipenda ni kibaya atakipenda kwa siri, na wewe utakuwa umetoka kwenye mazungumzo. Ukimuuliza akajibu, hata jibu la ajabu, mlango unabaki wazi.

Tahadhari moja kwa wazazi: hayo mazungumzo yasigeuke ya kusifia gauni. Ukikaa naye halafu neno lako ni "angalia alivyopendeza!", umeongeza uzito upande uleule.

Jioni moja, jiangalie mwenyewe unavyowasifu watoto. Chukua kipande cha karatasi, upande mmoja sifa za sura na mavazi, upande wa pili sifa za kazi, akili, ujasiri na bidii. Weka alama kila unapomsifu binti yako, na kila unapomsifu mwanao wa kiume. Wageni nao wahesabu. Mtoto wa kike akiingia sebuleni anaambiwa "umependeza, mchumba wangu," wa kiume anaulizwa amekuwa wa ngapi darasani. Utani wa babu na mjukuu ni mila yetu na una utamu wake, lakini babu huyo huyo anaweza kumuuliza mjukuu wake wa kike amekuwa wa ngapi. Hatakuwa amevunja mila yoyote.

Makande na ndoo

Kama kuna mahali pa kuweka nguvu, naweka hapa, maana mtoto huamini miguu ya watu kuliko midomo yao. Runinga inaongea saa moja kwa siku, na ratiba ya kazi za nyumbani inaongea kutwa.

Kwa wiki moja andika nyuma ya daftari kazi za kila mtoto na muda wake: kuchota maji, kuni, kufagia, kuosha vyombo, kulea, kuchunga, kumwagilia. Andika pia muda aliopata wa kusoma na wa kucheza. Usimwonee mtu, andika tu. Mwisho wa wiki onyeshaneni, baba na mama, kisha wagawieni upya kwa umri na nguvu, bila kuangalia nani wa kike na nani wa kiume. Ndoo inahitaji mikono. Kuchunga kunahitaji macho na uvumilivu.

Mvulana wa miaka tisa au kumi aanze na makande, chakula chetu cha kujivunia Upare nzima. Jioni achague mahindi na maharage, atoe vijiwe na yaliyotobolewa, aloweke. Kesho yake atangulize mahindi jikoni maana ndiyo yanayochelewa, maharage yafuate, achochee kuni taratibu, aongeze maji kabla hayajakauka, chumvi aitie mwishoni yakishalainika. Atajifunza kupima maji, moto na saa, na atajifunza kwamba sufuria likiachwa linaungua bila kuuliza jinsia ya mpishi. Siku hiyo dada yake akae na kitabu, na asiitwe "kumsaidia kidogo."

Watacheka jirani. Watasema umemgeuza mtoto. Hapo baba ana kazi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya: akae, apakuliwe, ale, amshukuru mwanawe mbele ya watu. Sauti ya baba kwenye jambo hili inazidi ya redio.

Mvulana naye ana hadithi zake zinazombana. Kwenye kibanda umiza anaonyeshwa mwanamume asiyelia, asiyeomba msamaha, anayemaliza ugomvi kwa risasi. Nyumbani akianguka anaambiwa asilie kama mwanamke, na maneno hayo matatu yanamfundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba maumivu yafichwe, na kwamba kuwa mwanamke ni tusi. Mwache alie, mfute machozi, muulize ameumia wapi.

Hadithi zilizo karibu

Mtoto haachi hadithi aipendayo kwa kukatazwa. Anaongezewa nyingine. Na bahati nzuri siku hizi zipo zilizotengenezwa kwetu, kwa lugha yetu. Akili and Me, katuni ya shirika la Ubongo la Dar es Salaam, inamhusu Akili, msichana wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro, mkoa wetu huu huu. Anajifunza herufi, namba na hisia, na sifa yake kuu ni udadisi. Shirika hilo lilianza na Ubongo Kids mwaka 2014 kupitia TBC, katuni ya watoto wakubwa kidogo, ambamo wasichana na wavulana wanatatua matatizo kwa hesabu na sayansi. Vipindi vyote viwili viko kwa Kiswahili na vinapatikana YouTube. Mjomba mwenye bando avipakue awarushie na wengine. Kutoka Kenya, tangu 2021, ipo Super Sema, ya msichana wa Kiafrika anayekilinda kijiji chake kwa ubunifu na teknolojia. Na Disney wenyewe mwaka 2016 walitoa Queen of Katwe, filamu ya kisa cha kweli cha Phiona Mutesi, msichana wa mtaa maskini wa Kampala aliyefika mbali kwa mchezo wa sataranji. Hana taji. Ana ubao na kete, na mama anayeuza mahindi.

Wenye umri wangu tulikua na Mama na Mwana ya Redio Tanzania, na sauti ya Deborah Mwenda ilitutosha, kila mmoja akajichorea kichwani sura ya mhusika, yenye rangi na nywele za watu aliowajua. Hiyo ni faida ya hadithi ya mdomo ambayo picha haitupi. Bibi akisimulia usiku, binti shujaa ana nywele za kipilipili bila mtu kulazimika kulisema.

Suala la ngozi na nywele linahitaji umakini wa pekee, kwa sababu mtoto aliyemeza miaka mitano ya mabinti weupe anafika kubalehe akiwa tayari kwa mkorogo. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini kwa madhara yake kwa ngozi na figo, na bado zinauzwa. Usimwite mtoto mmoja "mweupe wangu" mbele ya nduguye. Usimfariji mweusi kwa kumwambia atakuja kutakata. Akiletwa mwanasesere, tafuteni wa kitambaa cheusi, au mshoneni nyumbani kwa mabaki ya kanga.

Mfano mmoja unaopendwa na wasichana ni wa Nancy Sumari, Miss Tanzania wa mwaka 2005, ambaye mwaka huo huo alitwaa taji la Miss World Africa. Alivishwa taji la kweli, lakini baadaye aliandika kitabu cha watoto, Nyota Yako, kuhusu wanawake wa Tanzania waliofanya makubwa. Binti anayesema anataka kuwa mrembo hahitaji kufokewa. Aambiwe habari za mrembo huyu mpaka mwisho.

Na hapa Upare tuna hadithi ambazo watoto wetu hawajasimuliwa. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilipoleta kodi ya mbiru, maelfu ya Wapare walishuka Same kupinga, na wanaume wakakaa huko muda mrefu. Wanawake wa Usangi hawakubaki wakilinda majiko tu: waliandamana, wakamkabili ofisa wa kikoloni uso kwa uso, wakidai jambo liishe. Kodi hiyo hatimaye iliondolewa. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wa hapa hapa, aliyaandika mapambano hayo. Kwa siku za karibuni, jimbo la Same Mashariki lilichagua mbunge mwanamke mara nne mfululizo: Anne Kilango Malecela mwaka 2005 na 2010, Naghenjwa Kaboyoka aliyemshinda mwaka 2015, na Kilango tena mwaka 2020. Uwe wa chama chochote, mwambie mtoto hivi: hapa kwetu wanawake wawili walishindana, na wananchi wakaamua kwa kura nani akawasemee Dodoma. Mwambie na habari za Profesa Esther Mwaikambo, mwanamke wa kwanza Mtanzania kuwa daktari. Halafu mlete darasani muuguzi wa zahanati, fundi wa kike wa pikipiki kama yupo, mweka hazina wa kikundi cha vikoba. Mtoto anahitaji kumwona mtu anayeweza kumsalimia njiani.

Walimu wa chekechea, nawaomba kwa dhati: mahafali yajayo yafanyike bila taji na rangi ya mdomo. Wavisheni wote joho moja. Kona ya mchezo iwe na matofali ya mbao, sufuria na gari, na watoto wote wazungukie zote. Wakicheza kujipikilisha, mwulizeni baba wa mchezo leo anapika nini. Mkifungua kitabu cha picha ambamo mama anapika na baba anasoma gazeti, wapeni watoto kalamu wachore ukurasa wa kesho yake.

Mchezo unapogeuka posa

Yote haya yana mwisho mchungu pale msichana aliyefundishwa kungoja anapofikishiwa mtu wa kumngojea akiwa bado mwanafunzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, wakati mvulana alitakiwa afike 18. Rebeca Gyumi alilipeleka suala hilo Mahakama Kuu akashinda mwaka 2016, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Kwa mwanafunzi hakuna mjadala kabisa: Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Na tangu Novemba 2021, msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule ya serikali. Familia nyingi bado hazijui hili, na mabinti wanakaa nyumbani kwa sababu tu hakuna aliyewaambia.

Ukiona binti wa jirani ameanza kukosa shule, ameletewa vitenge na simu na mtu asiyejulikana, na watu wanaingia usiku kwa mazungumzo, zungumza na mwalimu mkuu na ofisa ustawi wa jamii, au nenda dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto ni ya bure, na hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mfundishe mwanao aikariri kama anavyokariri jina la shule yake. Piga mapema, kabla mahari haijapokewa, maana ikishapokewa ndugu wengi watakuwa wameshakula sehemu yake na hakuna atakayetaka kuirudisha.